Niliposema Ziwa Lina Nafuu

Wakesho mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kusema mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Wewe hauko mbali. Uko jikoni, ukuta mmoja tu kati yetu, na shangazi zako wanakupigia kelele kwa sababu bibi harusi haruhusiwi kushika sufuria na wewe umeishika. Nami si mzima. Nimejifungia humu katika chumba changu cha ramani, nimewaambia nanyoosha ratiba ya kesho, na ratiba yenyewe mchungaji aliinyoosha tangu juzi.

Sitakuandikia namna ya kuishi na mume wala namna ya kumwamkia mama mkwe. Hayo shangazi zako watakumiminia utake usitake, na wanayajua kuliko mimi. Nakuandikia kwa sababu ya neno moja. Nililisema mimi mwenyewe, mbele ya watu, na kwa ajili ya neno hilo kesho baada ya kanisa utapanda gari hapa Voi kwenda kuishi kando ya Ziwa Jipe, ukiamini kwamba samaki wanarudi. Hawarudi, Wakesho. Ninajua, kwa kuwa kulitazama ziwa hilo ndiyo kazi niliyokulea nayo.

Tulijaribu kuzungumza mwezi uliopita, unakumbuka. Ulikuwa umekalia ile friza mliyonunua wewe na Danieli, ambayo hadi leo imejaa sebuleni na nailoni yake, wageni wanaweka mikoba juu. Nikakuambia ziwa haliendi vizuri.

"Baba, si ni wewe ulisema iko na nafuu? Nilikuwa hapo. Nilisikia."

"Nilisema."

"Sasa?"

"Nilisema tu, Wakesho."

Ukacheka, ukanipapasa bega kama mtu anayetuliza mtoto. "Ya nyumbani unaweza danganya, Baba, hiyo najua. Lakini ya kazi huwezi. Nakujua."

Nikakuuliza kama umekula. Basi sasa naandika, maana kalamu haina uso wa kuangaliwa.

Watu wengi hapa Voi hawaelewi kazi yangu. Wakisikia ramani wanaleta kesi za mashamba, jirani kasogeza ua, ndugu kauza kisichokuwa chake. Wewe ulielewa mapema, ulikuwa unakaa mapajani pangu mbele ya kompyuta ukiuliza hii bluu ni nini, hii kijani ni nini. Napokea picha za setilaiti zilizopigwa kutoka juu kabisa, napanga rangi, natenganisha maji na matete, matete na tope, tope na nchi kavu. Halafu naenda ufuoni kuwauliza watu: hapa mlikuwa mkitega nyavu? Siku hizi mnatega wapi? Mazalio ya samaki yako wapi? Nawekelea maneno yao juu ya picha, kisha naitazama ramani ya mwaka huu na ya mwaka uliopita, nione kama samaki wanapona na kama watu wanaowategemea wanapona pamoja nao. Nilianza kazi hii nikiwa na nywele. Sijawahi kuona ramani mpya ikaishinda ya zamani.

Tena mimi ni mtu wa milimani, na hilo lisahaulike vipi. Kwetu Mbololo maji ni kitu cha mfereji na cha ndoo, na samaki ni kitu cha mkebe. Siku ya kwanza nilipotiwa katika mtumbwi nilizishika kingo zote mbili kwa nguvu hata vidole vikafa ganzi, na wavuvi wakacheka mpaka wakashindwa kupiga kasia. "Mzee wa Ramani, achilia, huo mtumbwi hauruki!" Jina likanishika toka siku hiyo. Jioni nikarudi nyumbani na tilapia waliofungwa kwa uzi wa matete. Mama yako naye wa milimani, hakujua wapikwe vipi. Akawachemsha kama kuku wa kienyeji mpaka wakawa uji wa miiba. Sisi wawili tulikula kwa heshima. Wewe ulikula kwa raha, ukaomba tena, na mama yako akasema, "Huyu ametoka wapi?" Nimeikumbuka siku hiyo mara nyingi wiki hii, na kila nikiikumbuka nachukia kuwa nilileta wale samaki.

Sasa nikufikishe kwenye neno lenyewe. Siku moja kulikuwa na mkutano kule ziwani, nawe ulikuwa likizoni, ukaniomba nikuchukue uone ziwa. Miaka kadhaa nyuma shirika lililoniajiri lilikuwa limekubaliana na wavuvi watenge sehemu moja kando ya matete, samaki wazaliane bila kuguswa. Mstari wa sehemu hiyo niliuchora mimi. Wavuvi waliuheshimu kwa shida kubwa, kuna watoto walilala njaa kwa sababu ya mstari wangu. Kisha ukaja mwaka wa mvua. Mto unaoingia ziwani ukajaa, ziwa likafura, matete yakaachana, na kwenye sehemu iliyofungwa vikaonekana vifaranga vya tilapia vingi vikichezacheza. Watu walilia kwa furaha. Mimi nikaenda kwenye picha zangu, na picha hazikulia. Mgonjwa akitundikiwa dripu mashavu hujaa, lakini ugonjwa uko pale pale. Mto ulileta maji, ukaleta na tope tele, tope likatulia chini, na juu ya tope magugu huota. Mvua ilipokatika, maji ya wazi yalikuwa yamepungua kuliko kabla.

Hayo ndiyo niliyokwenda kuwaambia siku ile. Tulikuwa chini ya lile banda la mabati ambalo zamani lilikuwa la kuuzia samaki, unakumbuka mbuzi walivyokuwa wamelala juu ya meza za saruji. Nilikuwa nimebandika ramani zangu ukutani, na maneno nimeyapanga kichwani tangu njiani pale Maktau. Kabla sijafungua mdomo akasimama mama yake Danieli. Wakati huo hatukumjua kuwa ni mama yake Danieli, wala Danieli mwenyewe hatukumjua, alikuwa kijana mmoja tu aliyeegemea nguzo. Yule mama hakuuliza habari za mradi wala za takwimu. Akauliza kwa ile sauti ya mtu aliyeingia wodini na mkate mkononi.

"Baba, tuambie tu. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

Watu wakacheka kidogo. Na mdomo wangu ukajibu kabla yangu.

"Ana nafuu, mama."

Wewe ni mtu wa kwetu, huhitaji kuelezwa, lakini acha nieleze ili nami nijielewe. Mtu akija kumtazama mgonjwa na kuuliza hali, aliyekaa kando ya kitanda husema ana nafuu. Husema hivyo hata kama daktari ametoka kumwita kando sasa hivi. Si uongo, au hatuuhesabu kuwa uongo, ni kama kumpa mgeni kiti. Mgeni naye anajua, akifika nje huwaambia wenzake huyu haondoki hapa. Kila mmoja ana sehemu yake na adabu inatunzwa. Nimelelewa hivyo na sikuwahi kuona ubaya wake. Ila siku ile mimi sikuwa ndugu aliyekaa kando ya kitanda. Nilikuwa daktari, na watu walikuwa wamenisubiri mimi ili wajue waende wapi. Daktari akisema nafuu, watu hurudi nyumbani kutandika kitanda.

Vigelegele vilipigwa. Yule mama akaniombea dua ndefu na kofia yangu nikavua. Nilipofika kwenye ramani nikajaribu kurudi nyuma, nikasema "hata hivyo", nikasema "kwa upande mwingine", nikaonyesha ile rangi ya magugu inavyotambaa. Baada ya vigelegele hakuna anayesikia "hata hivyo". Ripoti niliandika kwa Kiingereza nikiwa ofisini, na humo nilisema ukweli wote, kwamba hakuna dalili ya kudumu, kwamba maji ya wazi yanakwisha, kwamba wavuvi wasaidiwe kutafuta riziki nyingine mapema. Ilisomwa na watu wasiovua samaki. Wale wanaovua niliwapa neno la adabu, kwa Kiswahili fasaha.

Nilirudi kule mara nyingi baada ya hapo, na kila mara nilikwenda nimeazimia kulisahihisha. Kila mara waliniwekea sahani. Unawajua walivyo. Siku ambayo nyumba nzima ina samaki mmoja, huyo mmoja ni wa mgeni, na kichwa kinageuziwa upande wangu. Ningewaambiaje watu juu ya sahani yao wenyewe kwamba hicho ninachokula hakitakuwepo? Nilikula, nikashukuru, nikapanda gari. Ningekuwa na ukali kidogo wa shangazi yako mkubwa ningesema. Yeye angesema hata mdomo ukiwa umejaa.

Neno likaendelea na safari yake bila mimi. Vijana waliokuwa wametoka kwenda kukata mkonge wakarudi. Danieli alikuwa na pikipiki ya boda pale Bomeni mjini, kazi yake ikimtosha. Aliiuza, akanunua nyavu na mtumbwi. Unajua habari hiyo, kwa kuwa alikuandikia wewe kwanza kabla ya mama yake. Niliona mlivyotazamana siku ile chini ya banda. Alipouliza sehemu iliyofungwa itafunguliwa lini, lilikuwa swali zuri, na wewe ukamgeukia. Nikajiambia moyoni, afadhali, angalau jambo moja jema limetoka katika safari hii. Hata hivyo sikujua bado kuwa jambo hilo jema lilisimama juu ya neno langu, na kwamba wewe ungeacha kazi yako ya hesabu pale kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ukanunue friza ya sola ya kuhifadhia samaki wa nafuu.

Wakwe zako walipokuja kukuposa, msemaji wao alisimama akaanza kunisifu. Nilidhani ni mbwembwe za kawaida. Akasema, "Huyu mzee kwetu si mgeni. Tulikuwa tumeshafunga mizigo, watu wanasema tuhame, na yeye ndiye alituambia tukae." Wote wakatikisa vichwa. Mjomba wako akanipiga kiwiko kwa furaha. Nilitamani ardhi ipasuke, Wakesho. Kuna nyumba pale ziwani ambazo zingekuwa zimeshahama, watoto wangekuwa wanasoma mahali pengine, na zipo pale kwa ajili yangu, zikingoja samaki.

Danieli nilijaribu kumwambia peke yake, alipokuja kuleta barua ya kanisa. Nilimwingiza humu chumbani, nikamwonyesha picha, ya zamani na ya sasa. Akazitazama kwa adabu, mikono nyuma.

"Hii kijani yote ni magugu, Danieli. Unaona inavyoenda?"

"Naona, mzee. Tutang'oa. Vijana tuko wengi."

"Hayang'oki. Mmejaribu mara ngapi?"

"Sasa tuko na moyo, mzee. Zamani tulikuwa tumekata tamaa. Wewe ndio ulitupea moyo."

Alisema kwa heshima na macho yake yaling'aa. Nikafunga kompyuta. Nikamwambia, karibu chai, mwanangu. Sasa unajua kwamba nilipata nafasi mbili, yako na yake, na zote mbili niliishia kwenye chakula.

Kuna jambo jingine ambalo hatujawahi kulizungumza, na sitaki uondoke nyumba hii kabla sijalitaja. Mama yako alipolazwa ulikuwa bweni kule Mbololo, mtihani wa kidato cha nne umeanza. Nilimpigia mwalimu wako simu, akakuita. Ulisema, "Baba, Mama yuko aje?" Nikasema ana nafuu. Ukasema, "Nikuje Jumamosi nimwone?" Nikasema maliza mtihani kwanza, ana nafuu. Nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi wa hospitali na daktari alikuwa ameshaniambia. Mama yako mwenyewe alikuwa amenishika mkono asubuhi akaniambia, "Mwite mtoto." Nikamwambia atakuja. Alikufa akitazama mlango. Nilikungoja umalize karatasi ya mwisho, ukashuka garini na sanduku lako ukaona maturubai mbele ya nyumba.

Hukunilaumu, wala siku ile wala baadaye. Ningefurahi ungenilaumu. Ila tangu wakati ule, shangazi akisema fulani ana nafuu, wewe huuliza, "Nafuu ya kweli ama ya Baba?" Watu hucheka nami hucheka. Nikifika chumbani sicheki. Na juu ya hayo yote ukaniamini kwenye ziwa, kwa kuwa ulidhani kuna Baba wa nyumbani anayeficha kwa mapenzi, na Baba wa kazini ambaye ramani zake hazifichi kitu. Kumbe ni mtu mmoja, mwenye mdomo mmoja.

Mtu wa umri wangu akiandika barua kama hii hutegemewa awe amejifunza jambo. Nimejifunza kidogo sana. Nilidhani miaka yote kwamba hatari ya kazi yangu ni kuchora vibaya, na nilikuwa makini mno na michoro. Nilikagua kila kona ya ufuo kwa miguu, nimekanyaga miiba, nimekimbizwa na kiboko, hilo unalijua maana shati lilibaki kwenye mti. Michoro yangu haina kosa. Nilipokosa ni pale mtu alipouliza swali fupi na mimi nikaona aibu kumpa jibu fupi. Kama utaendelea kufanya hesabu za watu, kokote utakakokuwa, swali fupi ndilo la kuogopa.

Na nimejifunza kwamba mtu anaweza kuona jambo likifa kwa muda mrefu hata akalizoea. Wenzangu huniuliza nawezaje kulitazama ziwa hilo mwaka baada ya mwaka. Naweza kwa sababu nalitazama kutoka juu. Kutoka juu hakuna harufu na hakuna mtu anayekuita kwa jina. Kijani inasogea mbele, bluu inarudi nyuma, unaandika namba, unakunywa chai. Ni leo tu, kwa mara ya kwanza, nimeifungua picha ya karibuni nikatafuta nyumba. Nimetafuta paa la mabati la kwao Danieli, ambalo utalala chini yake. Nimelipata. Ni kinukta cheupe, na kati yake na maji kuna magugu mapana kuliko ilivyokuwa mlipokutana. Ili mtumbwi ufike majini utaburutwa katika tope. Nimekaa nacho kinukta hicho mchana kutwa na nimelia, Wakesho, mzee mzima na kanzu ya shughuli ya jana ya kukuaga bado mwilini.

Sikuambii usiolewe. Danieli ni kijana mzuri, ana mikono ya kazi, na anapokutazama husahau kumalizia sentensi. Olewa naye, lakini ziwa usiolewe nalo. Ungeniuliza basi muende wapi, na hapo ndipo naona nilivyo mtu wa bure, kwa kuwa sina mahali pa kukuonyesha. Pikipiki imekwisha kuuzwa. Mkonge ni mkonge, mtu huzeeka ndani yake kabla ya wakati. Shamba letu la Mbololo ni vipande vya ngazi mlimani vilivyogawanywa mpaka ukilima unagongana na jirani, na Danieli mtu wa tambarare atakosa pumzi. Nyumba hii ina vyumba vya nyuma, vipo, lakini najua mume hapendi kukaa kwa baba mkwe, nami nisingependa. Nimeizungusha akili yangu pande zote kama ninavyozungusha ramani, sijaona njia iliyo nzuri. Naona tu ile ambayo ni mbaya, na ndiyo mnayoikimbilia kwa nyimbo.

Huenda nikakosea. Mtu hujiambia hivyo. Huenda ikanyesha tena, huenda mto ukasafishwa huko juu, huenda vijana wakang'oa magugu kwa moyo walio nao kwa sababu yangu. Nimetafuta hilo huenda katika picha zote nilizo nazo ili nikuachie angalau hilo. Halimo. Nisingekuambia hivi kama lingekuwamo.

Nilikuwa nimepanga barua hii nimpe shangazi yako mkubwa akukabidhi kesho mkishapita Maktau, njia ikiwa imeshakuwa ndefu ya kurudi. Hata bahasha nimeiandika hivyo. Niliona ni busara: ufurahie siku yako, uimbiwe, ukate keki, halafu usome. Nilipoanza kuifunga nikatambua hiyo ndiyo busara yangu ile ile ya kukungoja umalize mtihani. Ningekuwa nimekufanyia mara ya pili, na ungeshuka garini tena na sanduku lako bila kujua umefikia nini.

Kwa hiyo hutaisoma Maktau. Utaisoma leo, mbele yangu, kabla hujasema ndiyo kanisani, na Danieli ataitwa kwa simu aje naye aisome. Mkiisha kusoma mtajua wenyewe. Shangazi zako watasema nimeharibu harusi, na mchungaji atapigiwa, na mjomba wako hatanisemesha mpaka Krismasi. Na kesho kutwa nitapanda gari mwenyewe nikasimame kwenye lile banda, nimwombe mama yake Danieli aniulize swali lake upya, nami nimjibu sawasawa. Hawataniwekea sahani siku hiyo.

Ziwa linakufa, Wakesho. Halina nafuu. Na mama yako alikuwa anakuita.

Nasikia unacheka huko jikoni. Nakuja.

Baba yako